Timu changa inazama: tubomoe tena, tulete wakongwe au tumfukuze kocha?

Machi 26, 2015, mashabiki wa Buffalo Sabres walishangilia bao lililowafunga wao wenyewe. Walikuwa nyumbani, wamekutana na Arizona Coyotes, timu nyingine ya mkiani, na mechi ya hoki ya barafuni ilikuwa 3-3 hadi muda wa nyongeza. Sam Gagner wa Arizona akafunga, ikawa 4-3, na sehemu ya uwanja ikalipuka kwa furaha. Hawakuwa wasaliti. Walikuwa wamepiga hesabu: kadiri timu ilivyozidi kushindwa, ndivyo ilivyomkaribia kijana aitwaye Connor McDavid, aliyekuwa akisubiriwa na ligi nzima. Sabres wakamaliza wa mwisho kama walivyoombewa. Bahati nasibu ya kupanga nani achague chipukizi wa kwanza ikachezeshwa, na McDavid akaenda Edmonton.

Kila timu changa inapozama na mashabiki wakaanza kuvutana, huwa nakumbuka usiku ule. Mvutano ni ule ule, majina tu ndiyo hubadilika. Wapo wanaosema tubomoe tena: uza kila mwenye thamani, kusanya chipukizi. Wapo wanaosema vijana tulio nao wanatosha, wanachokosa ni watu wazima wa kucheza nao. Wapo wanaotaka kocha aondoke leo, si kesho. Na wapo wanaotaka nyota mmoja atolewe ili aje mwingine anayefaa zaidi. Wote wanaipenda timu, na hakuna kambi isiyo na hoja. Nitazilinganisha njia hizi nne kwa mifano ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, na sifichi ninakoegemea: timu ambayo tayari ina vijana wazuri ikibomolewa mara ya pili, mara nyingi hujiongezea miaka ya njaa tu.

Kwa nini kushindwa kuna faida

Aliyelelewa na soka anahitaji kujua jambo hili kwanza. NHL haina kushuka daraja. Timu ni 32, kila moja hucheza mechi zaidi ya 80, na 16 huingia hatua ya mtoano. Anayeshika mkia haendi popote. Kinyume chake, hupewa nafasi bora ya kuchagua chipukizi wa miaka 18. Tangu 2005 kuna pia ukomo wa mishahara kwa kila timu. Ulianzia dola milioni 39, na msimu wa 2025-26 ulikuwa dola milioni 95.5. Tajiri hawezi kununua kikosi kizima kwa sababu tu ana fedha. Ndiyo maana kijana mzuri ni mali: mkataba wake wa kwanza, akiusaini kati ya miaka 18 na 21, ni wa miaka mitatu na mshahara wake una kikomo.

Lakini saa inahesabu. Mchezaji akitimiza misimu saba au akifika miaka 27, mkataba wake ukiisha anakuwa huru kwenda anakotaka, na timu iliyomlea haipati kitu. Tuishike saa hii, maana ndiyo inayoamua karibu kila kitu ninachokisema hapa chini.

Njia ya kwanza: kubomoa tena

Kambi hii ina ushahidi mzito. Pittsburgh Penguins walimchagua Marc-André Fleury wa kwanza mwaka 2003, Evgeni Malkin wa pili 2004, Sidney Crosby wa kwanza 2005 na Jordan Staal wa pili 2006. Mwaka 2009 wakabeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL. Chicago Blackhawks walimpata Jonathan Toews nafasi ya tatu mwaka 2006, Patrick Kane nafasi ya kwanza mwaka uliofuata, kisha wakatwaa ubingwa 2010, 2013 na 2015. Ukimwonyesha shabiki aliyechoka orodha hizi mbili, ataomba timu yake ipoteze hata mechi ya kirafiki.

Ila hadithi hizo huwa zinasimuliwa nusu. Crosby hakupatikana kwa kushika mkia peke yake. Msimu wa 2004-05 ulifutwa wote kwa mgogoro wa mikataba, kwa hiyo timu zote 30 za wakati huo ziliingizwa kwenye bahati nasibu. Alipofika Pittsburgh akiwa na miaka 18, alikaa nyumbani kwa Mario Lemieux, gwiji wa timu hiyo, kwa miaka kadhaa. Na katika ule ubingwa wa 2009 alikuwepo Bill Guerin, aliyeletwa mwezi Machi akiwa na miaka 38. Chicago nao, kabla ya kombe lao la kwanza, walimsajili Marian Hossa mwaka 2009. Vijana walikuwa moyo wa timu zile, lakini hawakuachwa watoto watupu.

Halafu kuna bahati nasibu yenyewe, ambayo watu huizungumzia kama vile ni duka la kwenda kuchukua ulichoagiza. Ndani ya mashine kuna mipira 14 yenye namba. Minne hutolewa, na michanganyiko inayowezekana ni 1,001. Mmoja huwekwa kando, na 1,000 iliyobaki hugawiwa timu zilizokosa mtoano. Kwa kanuni za sasa, timu iliyoshika mkia ina uwezekano wa asilimia 25.5 wa kuchagua wa kwanza. Maana yake, katika kila mara nne, tatu anakwenda kwa mwingine yule kijana uliyepoteza msimu mzima ukimwota. Colorado Avalanche walimaliza 2016-17 na pointi 48, wakiwa wameachwa mbali na timu zote, na bado waliangukia nafasi ya nne. Detroit Red Wings yaliwakuta hayo hayo mwaka 2020.

Tuseme bahati imekuangukia. Edmonton Oilers walichagua wa kwanza 2010 (Taylor Hall), 2011 (Ryan Nugent-Hopkins), 2012 (Nail Yakupov), kisha 2015 wakampata McDavid. Nafasi nne za kwanza katika chaguzi sita! Hata hivyo walikosa mtoano misimu kumi mfululizo, kuanzia 2006-07 hadi 2015-16. Washambuliaji wenye vipaji walikuwepo. Nyuma yao ulinzi ulikuwa mwepesi, na vijana wakazoea kupanda barafuni wakijua watafungwa.

Mazoea hayo ndiyo gharama isiyoandikwa kwenye jedwali la pointi. Rudi Buffalo. Walishika mkia 2014, wakashika tena 2015, na mwaka 2018 wakashika mara ya tatu kwa pointi 62. Mwisho wa msimu huo Ryan O'Reilly, mmoja wa wachezaji wao bora, alikiri hadharani kwamba kuna nyakati kushindwa kulimwondolea mapenzi ya mchezo wenyewe. Julai akapelekwa St. Louis Blues. Juni 2019 alikuwa amebeba Kombe la Stanley na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Jack Eichel, yule waliyempata badala ya McDavid, aliondoka 2021 baada ya mvutano kuhusu upasuaji wa shingo yake, na 2023 akawa bingwa na Vegas Golden Knights. Sam Reinhart, chaguo la pili la 2014, aliuzwa Florida Panthers mwaka huo huo wa 2021, akabeba kombe 2024 na 2025.

Huwezi kusema Buffalo hawakujua kuchagua. Waliowachagua walikuwa mabingwa watarajiwa, wakawa mabingwa kwa wengine. Kuanzia 2011-12 hadi 2024-25 Sabres walikosa mtoano misimu 14 mfululizo, muda ambao hakuna timu nyingine ya NHL iliyowahi kuufikia.

Je, kubomoa hakufai kabisa? Kunafaa pale kikosi kimezeeka. Februari 8, 2018, uongozi wa New York Rangers uliwaandikia mashabiki barua ukiwaambia wazi kwamba wachezaji waliowazoea wataondoka. Walikuwa na haki: kizazi kile kilikuwa kimetoa kilichokuwa nacho. Mwaka 2022 wakacheza fainali ya kanda, wakiwa pia wamemleta Artemi Panarin, mchezaji huru aliyesajiliwa 2019. Unabomoa nyumba iliyochakaa. Ile ambayo haijaezekwa unaimalizia.

Njia ya pili: vijana wabaki, waongezewe wakongwe

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wanaoshika njia hii wanaamini timu changa inayofungwa ina nyufa nyingi lakini kuta bado zimesimama. Mimi niko nao. Acha nieleze kwa tukio dogo ambalo hutokea mara kadhaa kila mechi.

Kile kisahani cheusi cha mpira kimetupwa kona. Beki wa miaka 19 anakifuata, mgongo ameupa uwanja. Nyuma yake anakuja mshambuliaji mwenye kilo zaidi ya 90, na barafu inaimba chini ya viatu vyake. Kijana ana nusu sekunde kuamua: azunguke nyuma ya goli, ampasie mwenzake, au akipige kisahani kwenye ukuta kiende popote? Hana macho kisogoni. Akiwa na mkongwe pembeni yake, anasikia sauti: «Una muda!» au «Zunguka!» Anazunguka, anatoa pasi, mashambulizi yanageuka. Akiwa na kijana mwenzake asiye na sauti, anakipiga ukutani bila kutazama, kinanaswa pale kwenye mstari wa buluu unaotenga eneo lao la ulinzi, na sekunde sita baadaye kipa wake anaokota bao. Kesho yake mashabiki wanasema beki hana akili ya mchezo. Akili anayo, ila hana aliyemwambia.

Ottawa Senators ndio mfano ninaoupenda. Walikosa mtoano misimu saba mfululizo kuanzia 2017-18, huku wakiwa wamekusanya Brady Tkachuk, Tim Stützle na Jake Sanderson. Kelele za kuanza upya zilikuwepo kila mwaka. Hawakuanza upya. Mwaka 2022 walimsajili Claude Giroux, aliyekuwa na miaka 34, kwa miaka mitatu. Kiangazi cha 2024 wakamleta David Perron, beki Nick Jensen na, muhimu kuliko wote, kipa Linus Ullmark aliyekwisha kutwaa tuzo ya kipa bora wa ligi mwaka uliotangulia. Msimu wa 2024-25 wakapata pointi 97 na kuingia mtoano. Toronto waliwatoa kwa mechi sita, sawa, lakini vijana wale sasa wanaijua Aprili, mwezi wa mtoano, ilivyo.

Kuhusu kipa nasisitiza. Kipa dhaifu huwafanya mabeki wote waonekane wabovu na kocha aonekane mjinga. Sabres wa 2022-23 walikuwa timu changa yenye mabao, wakapata pointi 91. Florida walipata 92, wakaingia mtoano, wakafika fainali. Pointi moja! Mabadiliko ya Buffalo kiangazi kile yalikuwa madogo, na msimu mpya ulipoanza golini alisimama Devon Levi, kijana wa miaka 21. Wakashuka hadi pointi 84. Makipa wengi huiva wakiwa wamevuka katikati ya miaka ya ishirini, na kumpa kijana mzigo ule mapema ni kumwonea yeye na wanaocheza mbele yake.

Njia hii nayo ina mtego. Detroit walimkabidhi Steve Yzerman uongozi mwaka 2019, na kuanzia 2022 wakaleta wazoefu kadhaa, wengine kwa mikataba ya miaka minne na mitano. Mwaka 2024 walimaliza na pointi 91 sawasawa na Washington, wakabaki nje. Hadi 2025 walikuwa hawajaonja mtoano tangu 2016. Mkongwe wa mkataba mrefu hula fedha za kijana anayekuja, na akipewa dakika zote za mwisho wa mechi, kijana hajifunzi chochote akiwa amekaa benchi. Mkongwe anayefaa ni wa miaka miwili au mitatu, anayecheza bega kwa bega na kijana, asiyemziba.

Njia ya tatu: kocha aondoke

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndiyo njia rahisi kuliko zote, haigusi ukomo wa mishahara, na matokeo yake huonekana ndani ya wiki chache kama yapo. Mfano wa kila mtu ni St. Louis: Novemba 2018 walimwondoa Mike Yeo na kumpa Craig Berube timu, Januari 3, 2019 walikuwa wa mwisho katika ligi nzima, na Juni 12 wakawa mabingwa.

Itazame timu ile, lakini. O'Reilly alikuwa na miaka 28, nahodha Alex Pietrangelo 29, beki Jay Bouwmeester 35. Walikuwa watu wazima waliosahau njia, na kipa mpya, Jordan Binnington, akawakumbusha. Kocha mpya huamsha kinachojulikana. Timu ya vijana ambao bado hawajajua, anaweza kuwafundisha, ila hawezi kuwakomaza kwa wiki tatu. Ningeunga mkono kocha kuondoka kwa sababu moja tu: vijana wameacha kuboreka mwaka hadi mwaka. Kupoteza mechi peke yake hakunitoshi.

Njia ya nne: nyota kwa nyota

Hapa kosa huuma muda mrefu. Juni 2016 Edmonton walimtoa Hall kwa New Jersey wakampata beki Adam Larsson, mmoja kwa mmoja. Mashabiki waliwaka. Larsson aliwasaidia, na Oilers waliingia mtoano msimu uliofuata, lakini mwaka 2018 Hall alitangazwa mchezaji bora wa ligi akiwa na jezi ya New Jersey. Upande wa pili wapo Florida: Julai 2022 walimtoa Jonathan Huberdeau, aliyetoka kupata pointi 115 (mabao na pasi za mabao), pamoja na MacKenzie Weegar, wakamleta Matthew Tkachuk kutoka Calgary. Fainali 2023, ubingwa 2024 na 2025.

Tofauti iko wapi? Florida walitoa mchezaji wa miaka 29 akiwa juu kabisa, wakapokea wa miaka 24. Timu inayozama huuza ikiwa na haraka, na mnunuzi anaiona haraka hiyo usoni. Kwa timu changa, njia hii naiweka ya akiba: itumike pale tu ambapo mchezaji mwenyewe ameshasema hatasaini tena, na uongozi uwe na ujasiri wa kungoja bei.

Uchagueje?

Kaa na orodha ya kikosi mkononi. Wachukue wachezaji wako watatu bora na uwaandikie umri na miaka iliyobaki kwenye mikataba. Wakiwa wote wamepita 29, kubomoa ni uaminifu, na utavumilia miaka minne au mitano ukijua kwa nini. Wakiwa na miaka 21 hadi 24, ipige hesabu hii: nahodha wako ana 23, unabomoa leo, unamchagua kijana wa 18. Kijana huyo akifika 22 na kuanza kuitawala barafu, nahodha ana 27 na mlango uko wazi. Umemlea mmoja ili umpoteze mwingine, kisha unaanza tena. Hicho ndicho kilichowatafuna Buffalo.

Baada ya hapo angalia golini. Timu ikiwa inalingana na wapinzani kwa mashuti lakini inafungwa kila mara, tafuta kipa kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha hesabu watu waliowahi kucheza mtoano. Wakiwa wawili au hakuna, njia ya pili ndiyo yako, na upe misimu miwili. Ikiwa wazoefu wapo, kipa yupo, vijana wapo, na bado hakuna aliyepanda kiwango kwa miaka miwili, hapo mzungumzie kocha kwa sauti kubwa.

Na kwa anayeamini kwamba pointi chache mno zinalazimisha kila kitu kichomwe, nampeleka Colorado. Baada ya zile pointi 48 za 2016-17 walikuwa na kila sababu ya kumfukuza Jared Bednar aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza. Wakambakisha. Nathan MacKinnon alikuwa na miaka 21, Mikko Rantanen 20, nahodha Gabriel Landeskog 24, wakawabakisha wote. Matt Duchene alitaka kuondoka, na meneja mkuu Joe Sakic akakataa bei nafuu hadi Novemba 2017 alipopata aliyoitaka. Ile nafasi ya nne iliyowaudhi mashabiki ikawa Cale Makar. Msimu uliofuata walipata pointi 95 na kuingia mtoano.

Mwaka 2022 Bednar huyo huyo alikuwa benchi walipotwaa Kombe la Stanley. Landeskog, aliyepewa unahodha akiwa na miaka 19, alilinyanyua, akateleza nalo kidogo, kisha akamkabidhi wa kwanza Erik Johnson, beki wa miaka 34 aliyekuwa na timu hiyo tangu 2011 na aliyeupitia ule msimu wa pointi 48 pamoja naye.